Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito? Anza hapa kabla hujanunua nyingine

Hela za korosho zikianza kuingia, swali huwa lilelile. "Fundi, kompyuta yangu imekuwa nzito mno, nichukue nyingine?" Leo anauliza mwalimu wa Nanyamba, kesho mwenye steshenari Lindi mjini, keshokutwa kijana wa chuo aliyeachiwa laptopu na kaka yake. Nimelijibu kwa mdomo miaka mingi, sasa naliandika lote ili ukae nalo nyumbani, kompyuta ikiwa mbele yako.

Jibu langu la kwanza: leo usinunue chochote. Kompyuta nyingi tunazotumia huku Kusini mwa Tanzania ni za mtumba, zilizotengenezwa miaka ya 2010 hadi 2016 kwa kazi za ofisini. Vyuma vyake ni vizuri. Zikiwa nzito, mara nyingi kuna kitu kimoja kinachochelewesha vingine vyote. Ukikibaini, gharama ni ndogo. Usipokibaini, utalipia visivyohusika. Mzee mmoja wa Mikindani alikuja kwangu akiwa ameshauziwa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mara mbili na mashine bado inachukua dakika sita kuwaka. Diski yake ndiyo iliyokuwa inakufa. Zile RAM zilikuwa nzima kabisa, lakini hazikuwa dawa ya ugonjwa ule, na hela ilikuwa imeshakwenda. Iliniuma. Ndiyo maana hapa tunapima kwanza.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Hadi diski (hard disk) ya nje, au fleshi yenye nafasi ya kutosha mafaili yako yote
- Fleshi nyingine ya GB 8 au zaidi, iliyo tupu
- Bisibisi ya nyota, ndogo na ya kati
- Brashi ya rangi ya inchi 1, mpya, yenye nywele laini
- Raba ya mwanafunzi, ile nyeupe
- Spiriti ya isopropili, asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichotoa nyuzi
- Kikombe cha kuwekea skrubu, na simu ya kupigia picha kila unachokifungua
- Daftari na kalamu

Tenga jioni mbili. Usianze kazi hii usiku ambao kesho yake asubuhi unatakiwa kupeleka matokeo ya wanafunzi.

Hatua ya 1: Okoa mafaili yako

Hili halirukwi. Nakili kila kilichomo kwenye Desktop, Documents, Pictures na Downloads uweke kwenye hadi diski ya nje. Watu wengi husahau Desktop, na ndiko walikoweka kila kitu. Ukimaliza, chomeka hiyo diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, fungua mafaili manne au matano, uone yanafunguka kweli. Kuona majina peke yake hakutoshi.

Kama kunakili kunakwama katikati, au unasikia diski inagonga tik, tik, tik, acha hatua nyingine zote. Nakili kwanza yale usiyoweza kuyapata tena, picha za wazazi, vyeti, hesabu za duka, kisha nenda moja kwa moja hatua ya 7. Na usiendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) kwenye diski ya namna hiyo kabla ya kuokoa mafaili. Inailazimisha diski mgonjwa kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na nimeshuhudia diski ikikata roho papo hapo.

Hatua ya 2: Pima, uandike

Zima kompyuta. Iwashe huku ukihesabu muda kwa simu, tangu unapobonyeza batani hadi pale unapoweza kufungua folda bila kusubiri. Andika kwenye daftari. Namba hii ndiyo itakayokuambia baadaye kama umefanya kazi au umejichosha.

Subiri dakika tano itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Kama ni dirisha dogo, bonyeza "More details". Angalia asilimia zilizo juu:

- Disk iko 100 au karibu na hapo wakati hufanyi kitu: tatizo ni diski, au kuna programu inayoisumbua.
- Memory imepita 85: RAM haitoshi, au programu nyingi mno zimewashwa.
- CPU (prosesa, ubongo wa kompyuta) iko juu muda wote: bonyeza neno CPU ili anayekula zaidi apande juu, uandike jina lake.
- Zote ziko chini lakini mashine bado inajivuta: fikiria joto, hatua ya 6.

Kwenye Windows 7 asilimia ya diski haionekani hapo. Ingia Performance, kisha Resource Monitor.

Kuna wanaoniletea kompyuta nzima wakidhani ni nzito, kumbe mtandao ndio mzito. Zima data, fungua faili la Word lililo ndani ya kompyuta. Likifunguka upesi, kompyuta yako haina kosa.

Hatua ya 3: Punguza zinazojiwasha zenyewe

Kwenye Task Manager ingia "Startup". (Windows 7: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig.) Kila iliyoandikwa Enabled hujiwasha pamoja na kompyuta. Bonyeza kulia, chagua Disable kwa zile usizozihitaji asubuhi, kama programu za mikutano, za muziki, za printa uliyokwisha kuiuza. Usiguse antivirusi, wala sauti, wala zenye jina la kampuni iliyotengeneza prosesa au kadi ya skrini. Ukizima iliyo muhimu kwa bahati mbaya, rudi uiwashe, hakuna kinachoharibika.

Hatua ya 4: Ipe diski nafasi ya kupumua

Fungua This PC, tazama diski C. Ikiwa nyekundu, hapo pana sababu ya nusu ya malalamiko yako. Hakikisha angalau asilimia 15 iko wazi. Andika cleanmgr kwenye sehemu ya kutafutia, chagua diski C, weka alama kwenye Temporary files na Recycle Bin, futa. Baada ya hapo ingia Control Panel, uondoe programu usizozijua na zile antivirusi za ziada. Antivirusi mbili kwenye kompyuta moja hugombana, na anayeumia ni wewe. Iliyomo ndani ya Windows 10 au 11 inatosha.

Lakini usifute folda ndani ya Windows au Program Files kwa mkono, hata ukiona ni kubwa.

Hatua ya 5: Virusi wa fleshi

Ukiona mafaili yote kwenye fleshi yamegeuka kuwa njia za mkato zenye mshale mdogo, umepata yule virusi wa steshenari. Mafaili yako hayajapotea, yamefichwa. Usibonyeze ule mshale. Safisha kompyuta kwanza kwa "Full scan" ya Windows Security, iache usiku kucha. Kisha chomeka fleshi, fungua Command Prompt, na kama fleshi imeitwa E, andika:

attrib -h -r -s E:\*.* /s /d

Bonyeza Enter, subiri. Mafaili yatajitokeza. Yanakili pembeni, fomati fleshi, uyarudishe. Ukisafisha fleshi kabla ya kompyuta, utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Hatua ya 6: Fungua, safisha

Hapa naomba utulie, maana sisi tunaoishi huku tuna shida yetu ambayo miongozo mingi haiitaji. Ukikaa Shangani ya Mtwara, Mikindani, au Lindi kando ya bahari, hewa inakuja na chumvi na unyevu. Chumvi huvuta maji, maji hukaa juu ya shaba, kutu ya kijani inazaliwa. Ukikaa Masasi au Newala, adui ni vumbi. Vyote viwili huziba njia ya hewa, prosesa inapata moto, na prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wewe unaona kompyuta nzito.

Niliwahi kufungua kompyuta ya mezani iliyokaa miaka minne kwenye chumba kinachotazama bahari. Feni ilikuwa inazunguka, kwa hiyo mwenyewe alidhani iko salama. Nilipoitoa, chini yake palikuwa na tandabui la vumbi lililogandamana kama godoro la sufi, hewa haipiti hata kidogo. Miguu ya RAM ilikuwa na madoa ya kijani. Kwenye kona, mjusi amekauka juu ya waya. Nilisafisha tu, sikuweka kitu kipya hata kimoja, na ile tabia ya kuganda kila mchana ikaisha.

Fanya hivi:

a) Zima kabisa, chomoa waya wa umeme. Laptopu, toa betri. Bonyeza batani ya kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe.

b) Itoe nje barazani, penye mwanga. Shika chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa vya ndani, ili umeme tuli wa mwilini ushuke. Piga picha.

c) Shika feni kwa kidole isizunguke, kisha piga brashi taratibu kutoka ndani kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji. Bloa ya umeme ukiwa nayo, iweke mbali kidogo na kwa kasi ndogo.

d) Toa RAM kwa kufungua vishikizo vya pembeni. Sugua miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa raba, pande zote mbili, mpaka ing'ae. Futa kwa kitambaa chenye spiriti. Irudishe kwa kuikandamiza mpaka vishikizo vilie "tak".

e) Kama unaweza kutoa kipoza joto cha prosesa, utakuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka kama chokaa. Ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Kama huna pesti mpya mkononi, usikitoe.

f) Acha dakika 20 spiriti ikauke, ndipo ufunge.

Onyo mbili. Lile kasha la pawa saplai la kompyuta ya mezani usilifungue, linahifadhi umeme hata likiwa limechomolewa. Na betri ya laptopu ikiwa imevimba, acha kuitumia siku hiyohiyo. Usiibonyeze, usiitoboe.

Ukirudisha kompyuta mahali pake, usiiweke dirishani wala sakafuni. Ikiwa haitumiki, ifunike kwa kitambaa cha pamba, na nailoni uiache kwa sababu inafungia unyevu ndani. Iwashe angalau mara moja kwa wiki hata kama huna kazi, joto lake hukausha unyevu.

Hatua ya 7: Diski

Kama hatua ya 2 ilikuonyesha Disk 100, na umeshapita hatua zote hapo juu, basi hapa ndipo hela yako inapostahili kwenda. Hadi diski ya zamani ni kama santuri, ina sahani inayozunguka na sindano inayohangaika huku na kule. SSD, diski ya aina mpya, haina kinachozunguka. Diski ya zamani ikijitahidi husoma karibu MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA (aina ya kiunganishi) hufika MB 500. Kwenye mafaili madogomadogo, ambayo ndiyo Windows husoma inapowaka, tofauti ni kubwa zaidi ya hiyo. Nimebadilisha diski kwenye laptopu za 2012 na wenyewe wakadhani nimewapa mashine nyingine.

Kwanza pima afya ya iliyopo kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikisema Good, hujachelewa. Caution, okoa mafaili leo. Bad, mafaili yaokolewe saa hii.

SSD ya GB 240 inatosha nyumba nyingi. Nunua ya inchi 2.5 yenye SATA, ndiyo inayoingia kwenye kompyuta zetu nyingi za zamani. Jihadhari na vya bei ya kutupwa. Fleshi au SSD inayojitangaza kuwa na TB 2 kwa bei ya sahani chache za wali ni ya bandia, inapokea mafaili na kuyapoteza kimyakimya.

Kuweka Windows upya kwenye SSD ni bora kuliko kuhamisha ile ya zamani pamoja na uchafu wake (mfumo upi uweke, soma kwanza hatua ya 9):

a) Kwenye kompyuta nyingine, pakua Media Creation Tool kutoka kwa Microsoft, tengeneza fleshi ya kuwekea Windows. Andaa bando, ni zaidi ya GB 4.

b) Zima, chomoa kila kitu, toa diski ya zamani. Kwenye laptopu huwa ndani ya kitako chenye skrubu ndogo. Ivute ikiwa imelala, usiinyanyue, kiunganishi kitavunjika.

c) Hamishia kitako kwenye SSD, isukume mpaka ikae.

d) Washa huku ukigonga F12 (Dell na Lenovo) au F9 (HP), chagua fleshi, fuata maelekezo. Ikiwa kompyuta ilikuwa na Windows halali ya toleo hilohilo, leseni hujitambua ikiunganishwa na intaneti. Ukiulizwa namba, chagua kuwa huna.

e) Fanya hili siku umeme umetulia, au betri ikiwa imejaa. Umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Diski ya zamani iweke kabatini mwezi mzima bila kuifuta. Kila mara kuna kitu mtu anakikumbuka baada ya wiki mbili.

Hatua ya 8: RAM

Fupi tu. Kama Memory ilipita 85 na una GB 4, ongeza ifike 8. Kabla ya kununua, angalia "System type" kwenye mipangilio. Ikiwa imeandikwa 32-bit, Windows hiyo haitatumia zaidi ya GB 4, utakuwa umetupa hela mpaka uweke ya 64-bit. RAM zina vizazi: ya DDR3 haiingii kwenye DDR4, ya laptopu haiingii kwenye ya mezani, na laptopu nyingi za kuanzia 2013 zinataka DDR3L, ile inayotumia volti 1.35. Chomoa iliyomo, nenda nayo dukani, linganisha maandishi. Hakuna njia ya uhakika kuliko hiyo.

Hatua ya 9: Mfumo upi uweke

Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel karibu zote ziwe za kizazi cha 8 kuendelea, kwa hiyo kompyuta zetu nyingi hazipiti.

Mimi kwa mtoto wa sekondari, au nyumba inayoandika barua na kuingia mtandaoni, naweka Linux Mint toleo la Xfce, mfumo mwingine badala ya Windows. Ni ya bure, inaenda vizuri na GB 4 za RAM, na LibreOffice yake hufungua mafaili ya Word. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Mwenye steshenari anayetegemea printa na programu zake maalumu, namshauri abaki Windows mpaka ajaribu kila kifaa chake. Zile programu za kuvunja leseni zinazopita kwenye fleshi usizikubali. Nyingi zina virusi ndani, na utarudi hatua ya 5.

Ukikwama

*Baada ya kusafisha haiwaki, inalia bip bip.* RAM haijakaa. Itoe, sugua tena, ikandamize. Ukiwa na mbili, jaribu moja moja.

*Inaandika kuwa haioni diski ya kuwashia.* Kebo ya SATA imelegea, au fleshi bado imechomekwa. Ukishahakikisha hayo, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya Windows) kwa F2, F10 au Del, uweke SSD iwe ya kwanza.

*Tarehe inarudi nyuma miaka kila ikizimwa, na tovuti zinakataa kufunguka.* Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao imekwisha. Inafanana na sarafu, unaibadilisha kwa kidole. Angalia pia kama kikalio chake kina kutu.

*Inajizima baada ya dakika 10 au 20.* Joto. Rudi hatua ya 6, uangalie kama feni inazunguka kweli.

*Nimeweka SSD, lakini Disk bado 100.* Siku ya kwanza Windows hupakua masasisho. Iache saa chache. Kama bando linakwisha, weka mtandao wako kuwa "Metered connection".

*Laptopu ni nyepesi ikiwa kwenye betri, ikichomekwa chaja inakuwa nzito.* Chaja si yake. Laptopu kadhaa, Dell zikiwemo, zisipoitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa na hazichaji betri. Soma wati zilizoandikwa chini ya laptopu na juu ya chaja, 65 kwa 65 au 90 kwa 90, azima inayolingana kwa jirani, upime tena kwa muda uleule ulioandika kwenye daftari.